Jina Mdomoni mwa Anyi

Chya.

Usiku, ndani ya nyumba yenye kuta nyeupe, mtu alipiga chafya. Alikuwa mtu mdogo sana. Alikuwa mdogo wake Anyi.

Anyi alifungua jicho moja. Alitaka kusema, "Afya." Lakini afya nani? Mtoto hakuwa na jina.

Anyi aliishi Suzhou, mji wa kale nchini China. Huko mifereji ni mingi kama njia. Ukitoka mlango wa mbele, unakanyaga barabara. Ukitoka mlango wa nyuma, unakanyaga maji. Kwa hiyo unatazama kwanza.

Mtoto alizaliwa mwezi uliopita. Tangu hapo aliitwa Huyu.

"Huyu ana njaa," alisema Mama.

"Huyu ameloa," alisema Baba.

Huyu mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa akinyonya kidole.

Katika nyumba ya kina Anyi, mtoto hapewi jina mpaka atimize mwezi. Siku hiyo mayai huchemshwa na kutiwa rangi nyekundu. Kila jirani hupewa yai. Mayai yakiisha, jina hutamkwa. Na anayelitamka ni dada au kaka wa mtoto.

Lakini ni lazima litamkwe kabla jua halijazama. Jua likizama kwanza, mtoto husubiri mwezi mwingine.

Anyi hakutaka Huyu abaki Huyu mwezi mwingine.

Asubuhi hiyo mwezi ulitimia, na Babu alimwita Anyi. Babu ndiye aliyechagua jina. Aliinama taratibu. Magoti yake yakalia, kwak, kwak. Akamnong'oneza jina sikioni, mara moja tu.

"Sasa liko kwako, mjukuu wangu," alisema Babu. "Lishike mpaka jioni."

Anyi alifunga mdomo. Aliufunga sana, mpaka mashavu yakavimba.

Wakatoka na kikapu cha mayai mekundu. Babu alitembea polepole. Konokono mmoja aliwapita ukutani. Hakuwasalimu.

*Hatua, pumzi. Hatua, pumzi.*
*Mdomo umefungwa, jina limo ndani.*

Bibi Lu alikuwa kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini. Alikuwa akiosha mchicha. Chubwi, chubwi.

Alipokea yai, akashukuru, akauliza mtoto anaitwa nani. Anyi akatikisa kichwa. Bibi Lu akasema yeye si mtu wa kuogopwa. Yeye ni mzee, atalisahau kabla ya chakula cha mchana. Anyi akatikisa kichwa tena.

*Hatua, pumzi. Hatua, pumzi.*
*Mdomo umefungwa, jina limo ndani.*

Kinyozi Shen alikuwa amemkalisha mteja ukingoni mwa mfereji. Kacha, kacha, ulilia mkasi. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa. Nusu ilikuwa inasubiri.

Shen alikula yai lake palepale. Kisha akamtazama Anyi kwa huruma.

"Kumbe hujaambiwa jina," alisema. "Watoto huwa hawaambiwi."

Masikio ya Anyi yalipata moto. Alitaka kusema kwamba ameambiwa. Lakini hakuweza kufungua mdomo. Ikatoka hivi: "Mm-mm-mm-mm."

"Ndivyo anavyoitwa?" aliuliza mteja. "Jina gumu."

*Hatua, pumzi. Hatua, pumzi.*
*Mdomo umefungwa, jina limo ndani.*

Babu alisimama kutazama samaki. Babu alisimama kutazama mlango. Babu alisimama kutazama paka aliyelala juu ya paa. Paka hakufanya lolote. Babu aliendelea kutazama.

Jua lilikuwa limeshapita katikati ya mbingu. Mayai yalikuwa bado mengi.

Anyi hakuweza tena. Alichukua kikapu, akakimbia. Tapa, tapa, tapa. Alipanda daraja. Alishuka daraja. Alimpa yai muuza tofu, jibini laini la maharage ya soya. Aliwapa mayai wafumaji wa hariri. Alimpa yai Mjomba Gu, aliyekuwa amekaa ndani ya mashua yake. Alimpa kila mtu. Mpaka kikapu kikawa kitupu.

Anyi alifurahi sana. Alifungua mdomo ili apumue.

Haaa.

Kisha akafunga mdomo. Kisha akapapasa ndani kwa ulimi.

Jina halikuwepo.

Alilitafuta kwenye shavu la kulia. Alilitafuta kwenye shavu la kushoto. Alilitafuta kwenye pengo la jino. Palikuwa na punje ya wali. Jina halikuwepo.

Babu alifika baadaye. Baadaye sana. Alimkuta Anyi amekaa kando ya maji, kikapu kimemfunika kichwa.

"Babu," ilisema sauti ndani ya kikapu. "Nimelidondosha."

"Yai?"

"Jina."

Babu alifikiri. Akauliza lilidondokea wapi. Anyi akasema hajui, alikuwa akikimbia. Akaomba anong'onezewe tena, kidogo tu, hata nusu.

"Sina tena," alisema Babu. "Nilikupa lote."

Anyi alikivuta kikapu chini zaidi. Alimfikiria Huyu nyumbani, ananyonya kidole, anasubiri. Angekuwa Huyu leo. Angekuwa Huyu kesho. Angekuwa Huyu mpaka mwezi mwingine utimie. Na kosa lingekuwa la Anyi.

Babu aliinua kikapu kidogo, akachungulia.

"Basi tulitafute," alisema. "Ila tutazame vizuri. Majina ni madogo."

Mjomba Gu aliwapakia kwenye mashua. Alisimama nyuma na kasia lake moja refu. Walimweleza kilichopotea. Hakucheka. Aliuliza jina lenyewe lina ukubwa gani.

Anyi alimwonyesha kwa vidole viwili.

Mjomba Gu akasema atapiga kasia taratibu, asije akaligonga.

*Kasia, pumzi. Kasia, pumzi.*
*Mdomo uko wazi, jina halimo ndani.*

Walipita chini ya nguo zilizoanikwa. Anyi alitazama suruali moja baada ya nyingine. Jina halikuwepo.

Walipita kwenye ngazi za Bibi Lu. Bibi Lu alichungulia ndani ya mchicha wake.

"Hakuna," alisema. "Kuna konokono tu."

Walipita kwa muuza tofu. Akafunua sufuria, mvuke ukapanda. Walisubiri mvuke uondoke. Jina halikuwepo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Vigae vyeusi vya mapaa vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu. Anyi alitaka kusema, haraka, haraka. Lakini alikwishakimbia mara moja leo. Akaendelea kutazama.

Mbele yao kulikuwa na daraja. Lilikuwa daraja lile lile. Anyi alilipita juu akikimbia. Chini yake hakupatazama.

Mashua iliingia chini ya daraja. Palikuwa na baridi. Palikuwa na giza kidogo. Mjomba Gu aliacha kupiga kasia.

Anyi aliinua macho.

Jua lilikuwa likiyapiga maji kutoka pembeni. Maji yaliurusha mwanga juu. Mwanga ulicheza kwenye mawe ya daraja, mistari mistari, kama tambi za dhahabu ambazo haziwezi kutulia. Ulikwenda huku. Ulirudi huku. Haukutoa sauti yoyote.

Anyi alitazama. Mdomo wake ulikuwa wazi. Hakukumbuka kuufunga.

Na kitu kidogo kiliingia taratibu, kikakaa juu ya ulimi.

Pwa. Anyi alifunga mdomo.

Babu alimtazama. Mashavu ya Anyi yalikuwa yamevimba.

"Mjomba Gu," alisema Babu, "turudi nyumbani."

*Kasia, pumzi. Kasia, pumzi.*
*Mdomo umefungwa, jina limo ndani.*

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Mama alikuwepo, na Baba. Bibi Lu alikuja na mchicha. Kinyozi Shen alikuja na mteja wake, ambaye bado alikuwa amenyolewa nusu.

Mama aliuliza mbona wamechelewa hivi. Babu akasema walikuwa wakitazama daraja. Mama akasema daraja hilo lilikuwepo hata jana. Babu akakubali kwamba lilikuwepo.

Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la jirani. Kilibaki kipande tu, kama kipande cha chungwa.

Mama alimlaza mtoto mapajani mwa Anyi. Alikuwa amevalishwa nguo za kulalia. Alinukia maziwa. Alipiga miayo, akafumbua jicho moja, akamtazama dada yake.

Watu wote wakasogea karibu. Hata Kinyozi Shen aliweka mkasi chini.

"Maana yake ni maji yanayong'aa," Anyi alimwambia kwanza, ili ajiandae.

Kisha akainama karibu na lile sikio dogo. Hakuwa na haraka. Akalitoa jina lote, polepole, bila kumwaga hata kidogo.

"Mingshui."