Kiapo Kilichosikika Mahabusu

Kila asubuhi askari wa kituo kimoja kidogo kisiwani Java walijipanga uani wakakariri kwa pamoja kanuni za maadili ya polisi, Koplo Wiratno akiongoza. Asubuhi ile walipomaliza, sauti moja ikaendelea peke yake: "...kumlinda raia kwa moyo safi." Ilitoka mahabusu, na mahabusu hamkuwa na mtu.

"Mwangwi tu huo," alisema Inspekta Darsono, akijichekesha.

Wiratno aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Sugeng, kijana aliyeshukiwa kuiba pikipiki. Darsono alikuwa amempiga mlemle mahabusu mpaka akakata roho, Wiratno akimshika miguu. Kwenye uchunguzi wote wawili waliapa, msahafu juu ya vichwa vyao, kwamba kijana aliteleza bafuni.

Aliporudi nyumbani alipokewa na harufu ya damu na mkojo. Binti yake Rukmi alikuwa ameketi wima mkekani, macho hayapepesi, anakariri kanuni zilezile kwa sauti nzito ya kiume.

"Baba Rukmi, mwanangu ananifia!" mkewe Lastri alinong'ona. "Hata maji hayapiti. Umetuletea nini humu ndani?"

Kiai Mahfudin, shehe na mtoa majini wa mtaa, alimsomea mtoto hadi jasho likamtiririka. Wapi! Akamgeukia Wiratno.

"Jini hili mmelialika wenyewe kwa kiapo cha uongo. Kaseme kweli palepale mnapokariri, la sivyo utamzika."

Kesho yake Wiratno akatoka mbele ya gwaride.

"We Wira, funga bakuli lako," Darsono alinong'ona. "Tuna watoto wa kulisha."

"Ndiyo maana nasema, afande."

Akayasema yote, ngumi na miguu na kiapo, huku ile harufu ya damu na mkojo ikitanda uani na sauti ya mahabusu ikikariri juu ya sauti yake, ikipanda kila alipopaza yake, mpaka alipolitaja jina la Sugeng, ikanyamaza.

Simu yake ikalia. "Ameomba uji!" Lastri alilia na kucheka. "Baba Rukmi, mtoto anataka uji!"

Wiratno akapiga magoti, akalia bila haya, hata pingu zilipoletwa.

Ndipo ikalia simu ya Darsono. Mkewe alikuwa anapiga mayowe, na nyuma yake mtoto wao mchanga, asiyejua hata kusema mama, alikuwa anakariri kwa sauti nzito ya kiume. Uani wote walisikia.

"Sema, afande," Wiratno alimsihi. "Sema upesi!"

Darsono akazitazama zile pingu. Kisha akakata simu.