Swali Nililomuuliza Simsim

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda uani kumpelekea mbwa Simsim kidonge chake cha kifafa, nimekificha ndani ya mnofu wa kuku. Mwenye nyumba ninamofanya kazi, Bi Masouda, alikuwa juu anasali. Ndiye aliyenifundisha kumpa dawa kwa saa. Mara ya kwanza Simsim alipoanguka nililia, na yeye akanishika mkono mpaka nikatulia.

Siku hiyo nilimkuta ameshaanguka.

Kucha zilipiga sakafu. Ta... ta... ta...

Daktari wa wanyama alituonya: zikipita dakika tano, anaweza kufa. Nikamlaza ubavu, nikatazama saa ya simu. Dakika tatu. Nne. Sita. Nilimwita Bi Masouda, hakusikia.

Kwetu Muheza, mtu akipandisha pepo, mama yangu humwinamia sikioni na kumsemesha aliye ndani. Nimeyaona hayo tangu utoto. Mdomo wangu ulitangulia.

"Nani wewe? Unataka nini?"

Kucha zikanyamaza.

Pumzi ya mbwa ilinuka udongo uliolowa mvua. Hapa Bawshar, nchi ya jangwa ng'ambo ya bahari, mvua haijanyesha tangu mwaka jana.

"Pa kukaa..."

Sauti ndogo, kinywani mwa mbwa. Ya mtoto, au ya mtu mzee sana.

Ningemwacha Simsim afe?

"Mwache huyu," nikanong'ona. "Kaa kwangu."

Simsim akainuka, akaenda kunywa maji.

Bi Masouda alishuka mbio.

"Ukizungumza na nani?"

"Na Simsim, mama."

"Na nani akikujibu?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi.

Miezi minne sasa Simsim hajaanguka. Daktari anavisifu vidonge, na huenda ni kweli. Naanguka mimi. Hospitali hawakuona kitu. Bi Masouda hunilaza kichwa pajani kwake, akanifuta mate kwa kanga yake bila kinyaa. Siogopi. Hata huzuni siisikii.

Wiki ijayo nakwenda likizo nyumbani. Mwanangu Cyprian, wa miaka minne, ananihesabia siku kwenye simu.

Jana, nikiwa bado sakafuni, nilimuuliza Bi Masouda huwa nasema nini nikianguka.

Akatazama pembeni.

"Wewe husemi kitu, mwanangu. Nnamsikia yeye."

"Anasema nini?"

"Anauliza mnaondoka lini."