Mdundo Uliokatwa Njiani

Hebu fikiria chumba kidogo jijini Kairo, saa sita mchana, pazia limefungwa kuzuia jua. Mezani kuna kompyuta, na spika zake zimechomolewa. Hata hivyo ngoma inasikika: dum, tak, dum. Kimya. Kisha inaanza upya.

Wagdi, mwalimu wa muziki, aliitazama skrini. Nota alizoandika kwa programu yake zilikuwa zimetulia, za dum chini ya mstari, za tak juu. Chumba kilinuka udi, naye hakuwa amewasha udi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Nagat, mpiga ngoma za kupunga majini, aliyemfundisha midundo yake kwa miezi mitano. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama kitambaa.

"Umeuandika mdundo wa yule jini, Bibi wa Makaa," alinong'ona.

"Mama Nagat, wallahi mimi…"

"Usiape! Ulikula mkate na chumvi kwangu, agano la kutosalitiana, ukaapa kuandika yote ila huo. Kumbe simu iko mfukoni, inanirekodi!"

"Nimeandika mwanzo tu, Mama. Mfano wa kitabu changu cha mafunzo."

"Mwanzo tu! Huo ukianza haukatwi mpaka mwenyewe aridhike. Umemwita, ukamfungia mlango usoni. Sasa kanijia mimi, maana ananijua mimi."

Akaketi sakafuni, akaipakata ngoma, akapiga kwa mkono wa kushoto, taratibu, na pazia likavutwa ndani ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, harufu ya udi ikageuka ya nywele zinazoungua, na kitu kisichoonekana kikazunguka chumba mara tatu kikihema karibu na shingo ya Wagdi, mpaka mdundo ulipofika mwisho wake na mlango ukafunguka wenyewe.

Vidole vya mkono wa kulia vikacheza. Nagat akashusha pumzi.

"Futa."

Wagdi akafuta.

"Kuna mwingine uliyempa?"

Wagdi akainamisha kichwa. "Wanafunzi wangu. Arobaini. Niliwatumia asubuhi."

Kabla Nagat hajajibu, simu ya mwanafunzi mmoja ililia ngazini: dum, tak, dum. Ikakatwa. Nyingine ikaitikia kutoka jengo la jirani. Ikakatwa. Mkono wa Nagat ukaanguka tena mapajani.

"Ungeniuliza sababu ya kukukataza, mwanangu," alisema, "ningekwambia."

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu: machozi yalipomtoka, Nagat hakuulilia mkono. Aliulilia ule mkate.