Kasri la Chatu Wawili

"Fundi, wanao wamegoma kula tena!"

Simu ilimkuta seremala juu ya ngazi, misumari mdomoni. Akaitema haraka. Mpigaji alikuwa Ticha, mchumba wake wa miaka minne, na hao "wanao" ni chatu wawili wachanga anaowafuga, wale wanaojikunja kama mpira wakishtuka.

"Wiki ya tatu sasa?"

"Ya tatu. Halafu Ijumaa natakiwa kujibu barua ya uhamisho. Mwenzio nimechoka kusubiri ndoa. Nitakubali, niende zangu."

Moyo ukamlipuka paa. Kila mwaka alikuwa akimwambia, "Harusi nyumba ikiisha," nyumba ya vyumba vinne ambayo mpaka leo ni kuta tupu. Na kabati la vioo la hao chatu ni yeye aliyelijenga, refu kumpita, ingawa nyoka anawaogopa kuliko kitu chochote.

Alifika kwa Ticha akihema. Daktari wa wanyama alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati, anacheka.

"Nani kajenga uwanja wa ndege huu?"

"Mimi," Fundi akajibu kwa fahari.

"Kazi safi, ila umewatisha watoto wa watu. Chatu mdogo akikaa peupe anajua ataliwa yeye. Hamu ya kula aitoe wapi? Kila mmoja mpe boksi lake dogo, upande huu joto, upande ule pawe na ubaridi, na pango la kumbana kila upande. Kifuniko kikaze!"

Fundi akamtazama Ticha. Ticha akatazama dari.

Siku ileile maboksi yakawa tayari. Ticha akafunga vipimajoto na kuweka maji, Fundi akakaza vifuniko mara mbilimbili, akijifanya hawaogopi. Barua hakuna aliyeigusia.

Ijumaa asubuhi meseji ikaingia: "WAMEKULA! Wote wawili! Njoo uone."

Alitoka mbio na aproni yake. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Ticha, usiijibu kwanza."

"Kwani nyumba imeisha?"

"Haijaisha, na mwakani haitaisha. Nina kile kichumba nyuma ya karakana. Nilikuwa naona aibu kukuweka mle."

"Vyumba vinne nilikuomba lini, Fundi?"

"Hujawahi."

"Nilikuomba wewe!"

Machozi yakamlenga Fundi, akayafuta kwa aproni, vumbi la mbao likamjaa usoni. Ticha akaangua kicheko.

"Basi twende kwa mama yako leo hii tupange siku," Fundi akasema. " Ila daktari kasema kila mmoja na boksi lake..."

"Wale nyoka, Fundi. Sisi moja linatutosha."

Ticha akachukua kalamu, akaandika kwenye barua: *Siendi.*

Wiki sita baadaye walihamia kichumbani. Ndani ya kabati la vioo likatundikwa gauni la harusi, na maboksi mawili yakakaa rafuni, upande wa kitanda anaolala Ticha. Hilo ndilo sharti pekee alilotoa bwana harusi.