Walifungua Mlango kwa Simu, Nikafungwa Pingu Mimi

Pingu! Mimi Mama Rehema, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nilifungwa pingu katikati ya mnada wa Ikungi, mbele ya watu wanaonijua tangu nikiwa binti...

"Mama Rehema kaiba kompyuta!" mmoja akapiga kelele.

"Siyo kompyuta, kaiba vilivyomo ndani!" mwenzake akamsahihisha.

"Kavitoa na nini, ufagio?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia!

Ndugu zangu, shule niliishia darasa la saba. Nilikuwa nafagia na kupika chai katika ofisi ya chama chetu cha wakulima wa alizeti. Kompyuta nilizifuta vumbi tu. Hata kuiwasha sijui!

Asubuhi moja napiga deki chumba cha Neema, karani wetu, simu ikaita. Nikamsikia: "Shikamoo mzee... ndiyo mzee... sawa mzee." Kisha akataja neno la siri la mashine zetu, herufi moja moja.

Nikamwuliza, "Mwanangu, unamjua huyo?"

Akanikata jicho. "Mama, ni mkubwa wa makao makuu, anatutengenezea mashine akiwa huko huko. Ameshaniitikia marahaba, halafu nimwulize yeye ni nani?"

Hapo ndipo wezi walipopita! Huku kwetu ukishamwamkia mtu shikamoo, umeshakaa chini yake. Mdomo wa kumhoji utautoa wapi?

Na neno lenyewe lilikuwa moja tu, la watu wote! Fundi wa kompyuta alishamsihi Meneja Ntandu kila mtu awe na lake. Ntandu akakataa, eti wazee wa bodi watasahau.

Kesho yake kila kioo kilijaa maneno mekundu ya Kiingereza. Mafaili yamefungwa, eti walipwe ndipo wafungue! Wakulima wamejipanga nje na magunia, hakuna wa kuwapokea... Na nakala za akiba? Zilikuwa ndani ya mashine zile zile. Mlishaona wapi mtu akifungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba?

Bodi ilipowaka, Ntandu akatafuta wa kumtupia. Akawaambia polisi kwamba anayeingia ofisini peke yake alfajiri ni mfagiaji, basi ndiye aliyechezea mitambo. Neema akainama, akanyamaza. Neema niliyemchemshia tangawizi akiumwa tumbo!

Nikalala mahabusu. Nikiwa humo, watu wa Manyoni waliomposa Rehema wakatuma maneno: hawaoi kwa mwizi. Posa ikavunjika... Mwanangu akaja kunitazama, akaniuliza, "Mama, ni kweli?"

Jamani! Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Niliwaeleza polisi habari ya ile simu. Wakambana Neema, akasema yote. Wakaniachia. Lakini kuachiwa ni kusafishwa? Hadi leo nikipita kwetu Ihanja, wanawake wanavuta mikoba karibu. Ntandu yuko kitini kwake, amenyoosha miguu. Amenitumia mtu nikae kimya, yapite. Hayapiti! Nimenyamaza vya kutosha.

Ninyi wenye ofisi, nawasihi. Akipiga simu mkubwa, mwamkieni, halafu kateni, mpigieni kwa namba mnayoijua wenyewe. Akiwa mkubwa kweli, atawashukuru. Neno la siri msichangie kama kata ya mtungini. Nakala ziwekeni mbali na mashine. Na mkivamiwa, msimkimbilie mwenye ufagio kwa sababu hana wa kumtetea!

Na wewe Ntandu, nakutaja kwa jina, siogopi. Mkutano mkuu wa wanachama unakuja. Nimewaalika wale watu wa Manyoni, nitakaa nao mstari wa mbele pamoja na Rehema. Simama uwaambie kwa mdomo wako: nani alikataa kila mtu awe na neno lake? Na ukijua hivyo, kwa nini uliwapa polisi jina langu?

Jibu, Ntandu. Wanachama wote wakikusikia.