Digrii Tatu za Gari Jekundu

Gereji ilikuwa imefurika, honi huku, nyundo kule, ndipo likaingia gari dogo jekundu, limeshushwa mpaka tumbo linakaribia kulamba sakafu. Akashuka kijana fundi cherehani, suruali imemkaa kama kazaliwa nayo.

"Nani anapima magurudumu hapa?"

"Mimi," akajibu binti mwenye ovaroli la buluu, grisi shavuni. "Unatakaje?"

"Matairi ya mbele yalale kwa ndani, digrii tatu. Nataka likate kona bila kusita."

"Ni la mashindano au la kuendea kazini?"

"Yote mawili."

"Basi tatu ni nyingi. Utakuwa unakanyagia ukingo wa tairi tu. Ukifunga breki kwenye mvua, utateleza."

"Fundi, kazi yako kupima, si kuniombea dua!"

Wakacheka wote wawili, na mapenzi yakaanzia hapohapo. Kila jioni simu: "Umekula, Fundi wangu?" "Bado, Fundi, nakungoja wewe." Shangazi yake binti, mwenye gereji, akawa hajui tena nani anaitwa.

Lakini binti alikuwa na jambo moyoni. Siku ile aliweka digrii moja na nusu, akanyamaza.

Baada ya miezi miwili kijana akaenda kubadilisha matairi kwingine, wakampimia, wakamcheka. Akapiga simu palepale.

"Uliniwekea ngapi?"

"Moja na nusu."

"Nikikushonea gauni usiloagiza, nikuvishe huku nimenyamaza, utaniitaje?"

"Niliogopa, mpenzi..."

"Miezi miwili unanitazama usoni!" Simu ikakatika.

Siku tatu binti hakula akashiba. Siku ya nne mvua ikawa inapiga mabati, gari jekundu likaingia. Kijana hakusalimia.

"Kesho tunashindana barabara ya mlimani. Weka tatu. Mbele ya macho yangu."

Binti akashika spana. Akakaza, akalegeza, mpaka kioo cha mashine kikasoma tatu kulia, tatu kushoto.

"Nilikosea kukuficha," akasema. "Kwa hilo nisamehe. Kwa zile digrii zenyewe, siombi msamaha."

"Umemaliza?"

"Bado." Akafuta mikono, akafungua mlango wa kushoto, akaketi ndani na ovaroli lake.

"Shuka."

"Sishuki. Kesho naenda nawe."

"Kwa mvua hii? Una wazimu?"

"Kwani mvua ina nini, Fundi?"

Kijana akageukia mashine. Akakitazama kioo. Namba zilikuwa zimesogea kidogo.

"Mbona zimebadilika?"

"Gari limebeba mtu. Lazima zibadilike."

Akasimama hapo, funguo mkononi, mvua ikizidi. Kesho wenzake wote wangekuwa mlimani wakimngoja. Hatimaye akazunguka, akaketi kwenye usukani, akafunga mlango.

"Punguza."

"Niweke ngapi?"

"Sema wewe, ndiwe unayejua."

"Sisemi. Peke yangu nilishachagua, ukaona yaliyotukuta."

"Mbili?"

"Nyingi."

"Wewe mwanamke mgumu!" Lakini sauti ilikuwa imelainika, na mkono wake umeushika ule wenye grisi. "Haya. Moja na robo tatu, na nikuoe."

Binti akageuza uso dirishani kuficha machozi.

"Moja na nusu," akasema, "nami nakubali."