Oili ya Lori Ndani ya Boti ya Kemuma

Wenzangu wa Kebirigo, na nyinyi wa Suneka na Marani, leo nina neno nanyi. Namsema jirani yangu Machogu, na ruhusa amenipa mwenyewe. Hata angekataa ningesema tu, maana nilikuwa ndani ya boti ile na kuogelea sijui.

Nyumba ya Machogu na mkewe Kemuma ni nyumba ya amani. Ukipita pale asubuhi utamkuta Kemuma anaimba nyimbo za kanisani huku akipanga mikungu ya ndizi kwenye majani makavu, na Machogu yuko kibarazani na kikombe chake cha chai, anamtania kwamba sauti yake inafukuza kunguru. Wanapendana wale. Basi msidhani nawaletea habari ya mlevi au mpiga mke. Ugonjwa wa nyumba ile ulikuwa mwingine, na nyumba nyingi za hapa zinao: ujuaji.

Kemuma aliuza ndizi kwa madalali miaka kumi na mmoja. Dalali anakuja shambani, anaangalia mkungu kama anaangalia takataka, anataja bei yake, anaondoka na jasho lako. Watu wa visiwani kule ziwani walikuwa wakizitaka ndizi zetu, lakini boti za polepole zilizifikisha zikiwa zimeiva na kupondeka. Ndipo sisi wanawake kumi wa kikundi chetu tukajinyima, tukanunua boti pale Homa Bay na kuifungia injini mpya ya nguvu za farasi tisini. Jamani, ile ni mashine ya mbio! Tukamkabidhi Kemuma aisimamie. Kila mmoja wetu alijua jambo moja: injini ile ikifa, tunarudi kwa dalali.

Machogu akawa nahodha. Alikuwa ameendesha lori la majani chai miaka kumi na minane, na hajawahi kuua injini hata moja. Alifundishwa uendeshaji wa boti, akapata cheti, akawa hodari. Tatizo lilianza siku ya kubadilisha oili kwa mara ya kwanza.

Kemuma alikuwa amekisoma kile kitabu cha injini kutoka jalada hadi jalada. "Baba Ashley," akamwambia, "hapa wameandika oili ya boti. Ile nyepesi, 10W-30, na kopo liwe na alama ya FC-W."

Machogu akacheka. Alikuwa ameshika jerikani ya oili ya lori, nzito kama asali ya baridi.

"Mama Ashley, aliyeandika hicho kitabu hajapanda mlima wa Kebirigo na tani kumi za majani. Injini ya kazi ngumu inataka kitu kizito. Wewe ukienda kulima unakunywa uji mwepesi?"

Tukacheka sote. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kwetu milimani hiyo ndiyo hekima ya madereva: lori lipande, oili iwe nzito. Nani angebishana na mtu wa miaka kumi na minane?

Aliyebishana alikuwa Nyabuto, fundi wa injini za boti pale ufuoni. Ni mtu wetu wa Marani, alihamia Homa Bay zamani.

"Mzee Machogu," alisema kwa heshima, "lori lako linapanda polepole, injini inazunguka taratibu. Hii ikikimbia inazunguka karibu mara elfu sita kwa dakika. Oili nzito itachelewa kufika juu, na vyuma vitasagana vikavu. Tena oili ya boti ina dawa ya kuzuia kutu. Hapa ni maji na unyevu kila siku."

"Nyabuto, umekula samaki mpaka umesahau milima!" Machogu akajibu, akamimina oili yake.

Kemuma alinitazama, nikatazama chini.

Safari ya kwanza na oili hiyo ilienda vizuri, na Machogu akarudi amevimba kichwa. Safari ya pili, injini ilipowashwa asubuhi ilianza kulia pii, pii, pii. Kengele ya kuonya. Mjinga angezima. Mjuaji alichukua koleo akakata waya wa kengele.

"Hizi kengele wanaziweka tuwe tunakimbia dukani kwao kila siku," akasema.

Haya, sasa safari ya tatu, na mimi ndani. Nilitaka kuviona visiwa kabla sijafa. Sikujua kwamba kuviona na kufa nusura viwe siku moja. Tulikuwa watatu na mikungu arobaini, kila mtu na jaketi lake la kuelea. Ziwa lilikuwa limetulia, jua zuri, na boti ilipaa mpaka nikapiga vigelegele. Tulipofika mbali, ufuo umebaki mstari mwembamba tu, taa nyekundu ikawaka. Injini ikapunguza mwendo yenyewe. Harufu ya chuma cha moto ikatujia puani.

"Zima," Kemuma akasema.

"Imechoka kidogo tu. Nikiongeza moto itafunguka."

"Baba Ashley, zima! Kitabu kinasema taa hiyo ikiwaka, oili haizunguki!"

Machogu akasukuma wenzo mbele. Injini ikakoroma vibaya. Ndipo Kemuma alipofanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Aliruka juu ya ndizi, akavuta ule uzi mwekundu wa kuzimia injini, ukachomoka. Kimya. Akausokomeza ndani ya blauzi yake na kukaa chini.

"Lete uzi," Machogu akasema, mkono ameunyoosha. "Upepo unakuja. Unataka tufie hapa?"

"Yaya," Kemuma akakataa kwa Ekegusii. "Siupeani. Hii ni mashine ya wanawake kumi, na wewe unaiua kwa sababu hutaki kuambiwa. Chukua kasia."

Upepo kweli ulikuwa unakuja, na mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Nilimwita Mungu kwa Ekegusii, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo nilichonacho. Machogu akainama, akachukua kasia.

Walipiga makasia wote wawili, bega kwa bega. Mimi nilichota maji kwa sufuria. Mikono yao ilitoka malengelenge. Baada ya kama saa mbili boti ya wavuvi ilituona, ikatufunga kamba na kutuvuta hadi kisiwani. Ndizi tuliziuza zote, hata zilizopondeka kidogo, kwa maana watu wa kule walikuwa wanazisubiri. Wavuvi wale wale wakatuvuta hadi Homa Bay kesho yake.

Nyabuto akamwaga ile oili, akaifungua injini, akaichunguza kwa kurunzi sehemu baada ya sehemu. Tulisimama pale kama watu wanaosubiri habari za mgonjwa.

"Ni nzima," Nyabuto akasema hatimaye. "Imeanza kukwaruzika, lakini ni nzima. Nani aliizima?"

"Mke wangu," akasema Machogu.

"Basi mshukuru. Ungeiwasha tena dakika mbili tu, sasa ningekuwa nakuonyesha chuma chakavu."

Pale pale ufuoni, mbele ya wavuvi na wauza samaki wadogo wa omena, Machogu akavua kofia. Wenzangu, mnawajua wanaume wetu. Mnajua hilo neno linavyokwama kooni.

"Mama Ashley, nimekosa. Ulinieleza, nikakucheka. Nisamehe."

Kemuma akalia, mimi nikalia, nadhani na Nyabuto alilia ingawa alisema ni moshi. Kisha Kemuma akafuta macho na kusema, "Nimekusamehe. Lakini uzi nabaki nao."

Na kweli anao. Kila safari nahodha anamwomba mkewe uzi, na mkewe anampa baada ya kukagua oili. Wanataniana sana juu ya hilo. Dalali naye bado hupita Kebirigo, akisalimia kwa adabu mpya.

MAFUNZO

Kila injini ina oili yake, nayo imeandikwa kitabuni. Oili ya lori ni nzuri kwa lori. Boti ya mbio ipewe oili ya boti, na taa ya kuonya ikiwaka, zima kwanza, ubishi baadaye.

Ujuzi wa miaka mingi ni mali, ila unapofika mahali pageni, uliza. Mwanamume haondokewi na heshima kwa kumsikiliza mkewe. Machogu aliipata yake siku ile alipovua kofia.

Na sisi tulioambiwa ukweli tukacheka ili tusimuudhi mtu mzima? Sisi ni kama tulimshikia jerikani akimimina.